Kimechakaa, Hakijaoza

Boksi lilikaa stoo miaka minne na miezi kadhaa. Lilikuwa chini ya bati, kati ya magunia matupu ya korosho na baiskeli iliyokatika mnyororo, na kila nilipoingia kuchukua jembe nililisogeza kwa mguu nikaendelea na shughuli zangu. Aliyeliacha ni jirani yangu wa zamani, Mwingereza aliyekuja Mtwara kwa kazi za gesi. Machi 2020, dunia ilipoanza kufunga milango, alipata tiketi ya ghafla, akagonga geti langu jioni akiwa amelikumbatia boksi hilo kifuani. Yule bwana alikuwa akipika bia jikoni kwake, ya kunywa yeye na wageni wake. Mara mbili tatu alinialika nione, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia na nilikuwa na maswali kuliko wageni wengine wote. "Nikirudi tutapika," alisema. Hakurudi. Baadaye aliniandikia kwamba vitu vile vitakuwa vimeshazeeka, nivitupe tu.

Julai 2024 nililitoa uani kwa nia hiyohiyo ya kutupa. Ilikuwa riziki kwamba mama alikuwa kwangu. Alikuja kutoka Masasi kufuata miwani, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu: karanga, mbaazi kavu, na mfuko wa kimea cha mtama ili awapikie wajukuu togwa.

Mama amepika pombe ya mtama tangu kabla sijazaliwa. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka kwenye mapipa mawili yaliyokaa nyuma ya nyumba yetu. Naliandika hili kwa heshima yote, maana wapo wanaoona haya kulisema. Siku hizi hauzi tena. Anapika kwa ajili ya shughuli tu: mavuno, kumaliza msiba, au siku watu wanapoitana kulima shamba la mtu mmoja.

Akaniona nakunja mikono ya gauni kubeba boksi kuelekea shimoni.

"Kuna nini humo?"

"Vitu vya kupikia bia, mama. Vimepitwa na wakati. Tazama tarehe."

Hakutazama tarehe. Aliuliza, "Vimeharibiwa na nini?"

Nikajibu kwamba vimeharibiwa na muda. Akatikisa kichwa. Muda peke yake hauna mikono, alisema. Kinachoharibu ni kile kinachoingia wakati muda unapita: joto, hewa, au maji. "Joto na hewa vinachakaza. Maji yanaozesha. Kilichochakaa unakipima, ukiona bado kina nguvu unakipika. Kilichooza unakizika." Kisha akavuta mkeka, akaketi, akaniambia nimwage kila kitu hapo.

Nimefundisha kemia kwa miaka kumi na mbili. Sijawahi kusikia somo la uhifadhi wa nafaka likisemwa kwa maneno machache hivyo.

Ile tarehe kwenye kopo inaeleza kitu, lakini haielezi kile ambacho wengi tunadhani. Kwa bidhaa kama kimea, hopsi (maua ya kutia uchungu kwenye bia) na hamira, kiwanda kinasema kwamba hadi siku ile ladha na nguvu vitakuwa kama kilivyokusudia, mradi vitu vimewekwa mahali pakavu na pa baridi. Stoo yangu si pakavu wala si pa baridi. Hapa pwani hewa yenyewe ina maji ndani yake. Chumvi ukiiacha mezani inalowa. Kwa hiyo tarehe ile ingeweza kunidanganya pande zote mbili. Kitu kingeweza kufa kabla yake, na kingine kikaishi miaka baada yake.

Tena sisi watu wa kusini hatuna sababu ya kushangaa kwamba kinywaji hutengenezwa kwa malighafi iliyolala ghalani. Tuna kochoko. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mabibo yanaanguka mengi kuliko midomo iliyopo, na bibo halingoji: ulichume leo, keshokutwa limeshalainika na kuanza kutoa harufu. Juisi yake ikikamuliwa na kuachwa inachacha yenyewe, kwa hamira ya asili iliyoko kwenye ngozi ya tunda, na ndiyo uraka tunaoujua. Yanayobaki yanakatwa, yanaanikwa hadi yanakuwa kama ngozi ya kiatu, yanawekwa kwenye magunia. Hayo ndiyo kochoko. Miezi kadhaa baadaye, mikorosho ikiwa haina hata ua, mtu anayaloweka na kuanza kazi. (Kinachotoka mara nyingi huishia kuwa gongo, na gongo siitetei hapa. Naongelea ujuzi wa kukausha.) Bibo bichi lenye siku nne hulitaki, kochoko la miezi sita linafaa. Tofauti yao ni maji.

Basi tukavipanga mkekani. Makopo mawili ya kimea kizito kama asali, kila moja kilo 1.7, tarehe ya Juni 2021. Mfuko wa kimea cha unga. Mfuko wa shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, nzima, haijasagwa. Mfuko mwingine wa shayiri hiyohiyo, huu umeshasagwa. Paketi mbili za hopsi, moja ikiwa bado imebanwa bila hewa, nyingine imefunguliwa na kukunjwa kwa mpira. Vipaketi vinne vya hamira kavu. Na vyombo vyake: kipimajoto, na haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo kwenye kimiminika, ndani ya bomba la plastiki.

Kopo moja mama alilisukuma pembeni kabla sijaligusa. Kifuniko chake kilikuwa kimevimba. Kidogo tu, kama shavu la mtoto mwenye pipi, lakini kimevimba. Kopo likivimba huenda kuna kiumbe ndani kinachotoa gesi, na hilo halifunguliwi hata kwa udadisi. Lilikwenda shimoni likiwa zima.

La pili lilikuwa bapa, halina kutu. Nilipolifungua, rangi ilinishtua. Kwa yule bwana niliona kimea cha kopo cha rangi ya asali ya kawaida. Hiki kilikuwa cheusi kama sukari guru iliyoyeyushwa, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua kidogo. Hakikuungua. Sukari na protini zikikaa pamoja kwenye joto huungana polepole na kutoa rangi ya kahawia, sawasawa na inavyotokea kwenye ganda la mkate, isipokuwa mkate hutumia dakika arobaini na kopo langu lilitumia miaka minne. Kitu hicho hakidhuru. Ila kinabadilisha bia: usitarajie bia nyeupe ya dhahabu, na usitarajie sukari yote ichachuke, maana sehemu yake hamira haiwezi tena kuila. Nikaamua hapohapo kwamba bia yangu itakuwa nyeusi. Ukiwa na malighafi iliyochakaa, yenyewe ndiyo inayokuchagulia pishi.

Kimea cha unga kilikuwa jiwe. Kinavuta unyevu kutoka hewani kama sukari inavyofanya, halafu kinaganda. Tulikivunja kwa mchi, tukatazama katikati ya kila bonge: kikavu, cha rangi moja, kinanukia biskuti. Kimepona. Hicho nilikiweka kwa ajili ya kulea hamira.

Hopsi zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu huku hazioti. Ni maua ya mmea unaotambaa, hukaushwa na mara nyingi kusagwa na kubanwa kuwa vidonge vya kijani. Ndizo zinazoipa bia uchungu, na kabla ya majokofu ndizo zilizoizuia isichachuke, maana zinawadhoofisha bakteria wa asidi ya maziwa. Uchungu huo unatokana na kundi la asidi zinazoitwa asidi za alfa, na hizo zinapungua mwaka hadi mwaka, haraka zaidi kwenye joto na hewa. Paketi iliyobanwa bila hewa ilikuwa bado ya kijani, imefifia tu. Ile iliyofunguliwa ilikuwa ya rangi ya majani makavu, na nilipoinusa nikarudisha kichwa nyuma: jibini lililokaa, au soksi za mwanafunzi aliyetembea kutoka mbali.

Nilidhani hiyo imeoza. Lakini haikuwa na unyevu wala ukungu. Ilikuwa kavu, inavunjika vidoleni. Imechakazwa na hewa. Jioni ile nikasoma, nikakuta jambo lililonifurahisha mno: karibu na Brussels, Ubelgiji, kuna wapishi wa bia iitwayo lambic ambao huziacha hopsi makusudi zizeeke miaka miwili, mitatu, hadi uchungu uishe. Wao wanataka ule ulinzi wake tu, kwa sababu bia yao inachacha kwa vijidudu vya hewani na inakaa kwenye mapipa ya mbao muda mrefu. Nikamweleza mama. Akasema, "Kwa hiyo na wao wana uraka." Sikuwa na la kuongeza.

Hamira ndiyo kiumbe hai pekee kilichotiwa makusudi katika boksi lile, na kiumbe hai hupimwa kwa kukiamsha. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe hadi nyuzi 38, nikatia kwenye glasi nne na kijiko cha sukari kila moja, nikanyunyizia. Ndani ya nusu saa hamira nzima huwa imeshafanya povu. Glasi tatu zilikaa kimya kama maji ya tope. Ya nne, baada ya karibu saa nzima, ilianza kutoa vipovu vidogo ukingoni, vimoja vimoja. Mtu mwingine angeinuka akaenda dukani kununua hamira ya maandazi. Ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae, na bia ingepatikana, ingawa yenye ladha ya mkate. Mimi nilitaka ile iliyo hai ipate nafasi. Nikachemsha gramu 100 za kile kimea cha unga katika lita moja ya maji, nikapoza, nikaimimina humo, nikafunika kwa kitambaa, nikawa naitikisa kila nikipita. Kufikia asubuhi ya pili ilikuwa na povu la vidole viwili na mashapo meupe chini. Walio hai, hata wakiwa wachache, wakipewa chakula wanazaana. Zile tatu zilizokufa sikuzitupa. Niliziweka nizichemshe pamoja na bia, kwa sababu miili ya hamira iliyokufa ni chakula kizuri cha hamira iliyo hai.

Sasa nifike kwenye mfuko wa shayiri iliyosagwa. Hapo ndipo nilipogombana na mama, kama mtoto anaweza kugombana na mama yake.

Mfuko ulikuwa umetoboka kwenye kona iliyogusa sakafu. Nusu ya juu ilikuwa sawa: kavu, ya rangi ya majani ya ngano. Nusu ya chini ilishikana mabonge, na ndani ya mabonge kulikuwa na vumbi la kijani lililochanganyika na kijivu. Harufu yake mnaijua ninyi mliolala nyumba ya udongo wakati wa masika. Nilihuzunika, maana shayiri huipati sokoni Mtwara. Nikasema nitatenga. Nitaichukua nusu ya juu, niipepete kwa ungo, niianike juani siku mbili, kisha niichemshe saa nzima. Nani atapona kwenye maji yanayotokota saa nzima?

Mama alinyanyua konzi ya ile nusu nzuri, akainusa, akairudisha. "Yote."

"Mama, hii ya juu haina kitu."

"Haina kitu unachokiona."

Na mimi, mwalimu, nilijua kwamba ana haki. Nilikuwa najua na nilikuwa natafuta njia ya kutokujua. Ukungu wa kijani kwenye nafaka unaweza kuwa wa jamii inayotengeneza sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini. Unaweza kuupepeta, unaweza kuukausha usiendelee kukua, unaweza kuuchemsha ukafa. Sumu iliyoachwa na ukungu inabaki palepale. Sumukuvu haivunjwi na maji yanayochemka. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200, na hakuna sufuria ya bia inayofika huko. Kuchachusha nako hakukupi uhakika wowote. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukitambua. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hao ni wale wa sumu kali ya ghafla. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini, na hapo hakuna anayekumbuka mfuko wa mwaka ule.

Mama hajui hesabu za mikrogramu. Anajua karanga. Tangu nikiwa mdogo, tukiketi kuchambua karanga, iliyokunjamana au yenye doa la kijivu ilitupwa mbali na kikapu, na mtoto aliyeitia mdomoni alichapwa kiganjani. Nilidhani ni ukali tu wa mama.

Nikauliza kama tuwape kuku wa jirani. Akaniangalia kwa muda. "Kuku wa jirani wamekukosea nini?" Kuku nao wanakufa kwa sumu hiyo, vifaranga ndio kabisa, na ng'ombe akila inapita hadi kwenye maziwa. Tukachimba nyuma ya mgomba, tukafukia mfuko wote, mama akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili. Hii ndiyo sehemu ya makala hii ambayo ningependa uisome mara mbili hata kama hunywi pombe na hutainywa, kwa sababu unga wa ugali wako unafuata sheria hiyohiyo.

Ile shayiri nzima, isiyosagwa, ilibaki. Ganda la punje ni kifungashio chake. Ndiyo maana kimea kizima kinadumu kuliko kilichosagwa. Nilitafuna punje kumi kutoka sehemu mbalimbali za mfuko. Kimea kikavu kinapasuka kwa meno. Kikianza kuvuta unyevu kinakuwa kama biskuti iliyoachwa wazi usiku. Hizi zilipasuka, ila si kwa ule mlio mkali. Hakukuwa na fukusi wala unga wa dumuzi, na hazikunuka.

Lakini kupasuka hakuthibitishi kwamba kimea bado kinafanya kazi. Kazi ya kimea ni kuvunja wanga kuwa sukari, na wanaoifanya ni vimeng'enya vilivyozaliwa wakati punje inaota. Hivyo navyo vinachoka. Nilianza kufikiria vipimo vya maabara. Mama akapika uji.

Uji wa mahindi, mzito, wa kusimamisha mwiko. Akauepua, akaungoja upoe hadi mahali ambapo ukichovya kidole unakitoa haraka lakini hakiungui. Akaugawa kwenye bakuli mbili. Ya kwanza akatia kijiko cha kimea chake cha mtama, mtama aliouloweka usiku kucha, akaufunika kwa gunia bichi siku tatu hadi ukaota, akauanika na kuusaga mwezi uleule. Ya pili akatia kijiko cha shayiri yangu niliyoitwanga. Akakoroga zote mbili, akaniachia.

Bakuli ya mtama ilikatika nikiwa bado naosha sufuria. Sijui namna nyingine ya kulisema: uji uliokuwa umesimama ukaachia, ukawa maji maji, ukaanza kumetameta, na nilipouonja ulikuwa mtamu wakati hakuna aliyetia sukari. Ya shayiri ilibaki nzito. Baada ya dakika kumi ilianza kulainika pembeni. Baada ya nusu saa ilikuwa inamiminika, kwa uvivu, kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.

"Mzee huyu anatembea," mama akasema. "Hakimbii."

Jumamosi tukapika. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu, majirani wema, kwa hiyo nilipika ndani ya ua, na sikumpelekea mtu asiyeomba. Tulitwanga kilo 2 za shayiri kwenye kinu, kupasua tu, siyo kuwa unga, maana maganda ndiyo yanayosaidia kuchuja. Lita 7 za maji, nyuzi 66, sufuria limefungwa blanketi. Kwa kimea kipya saa moja inatosha. Baada ya saa moja nikachota tone, nikaliweka kwenye sahani nyeupe, nikadondoshea iodini. Ikawa ya buluu inayokaribia weusi. Wanga bado upo. Nikafunika tena. Dakika thelathini zaidi, tone jingine: buluu tena, imepauka kidogo tu.

Mama alikuwa amenyamaza muda wote, anatazama sahani. Rangi ile aliielewa mara moja nilipomweleza. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na mfuko wake wa togwa. Konzi mbili. Akazimimina, akakoroga kwa mwiko mrefu hadi chini, akarudisha blanketi kwa mikono yake mwenyewe.

Dakika arobaini. Nilidondosha iodini nikiwa nimeinamia sahani hadi pua inaigusa. Tone likabaki na rangi yake ya kahawia. Nikadondosha jingine. Kahawia. Nikampa mama kijiko aonje, akafumba macho, akasema, "Tayari," kana kwamba iodini haikuwapo.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulichuja kwa kitambaa na kusuuza machicha kwa maji ya moto, machicha yakaenda kwa mbuzi wa nyumba ya pili. Tukachemsha saa nzima pamoja na gramu 60 za hopsi kutoka paketi iliyobanwa, mara mbili ya ambazo ningetia zingekuwa mpya, kwa kukadiria kwamba nusu ya uchungu wake imekwisha. Zile hamira zilizokufa zikaingia humo. Kimea cheusi cha kopo kikaingia mwishoni. Kupoza lita 20 Mtwara ni kazi. Nilikwenda kununua barafu kwa wanaowauzia wavuvi, nikalizungushia sufuria ndani ya karai. Haidromita ikasoma 1.042. Hamira ikamiminwa, ndoo ikafunikwa, ikawekwa ndani ya beseni la maji na kuvishwa khanga kuukuu iliyolowa. Kwa njia hiyo, na kwa kuwa ilikuwa kipupwe, ndoo ilikaa kwenye nyuzi 23 hadi 24. Kwa siku mbili za kwanza nilihofia hamira yangu. Siku ya tatu povu likainua kifuniko.

Baada ya wiki mbili haidromita ilisimama kwenye 1.014, siku tatu mfululizo. Juu kidogo kuliko kawaida, kama kopo lile jeusi lilivyonionya. Hiyo ni kama asilimia 3.7 ya kilevi. Niliijaza kwenye chupa za plastiki za soda, gramu 6 za sukari kwa kila lita. Chupa ya plastiki unaiminya kwa mkono ukajua gesi imefika wapi, na ikizidi haimpasukii mtu usoni kama ya kioo.

Nilifungua ya kwanza baada ya wiki nyingine mbili. Nyeusi, na mwanga ukipita inageuka nyekundu kama maji ya ubuyu. Povu la rangi ya kahawa. Kuna ladha ya sukari guru na ya ganda la mkate, na nyuma yake kuna kitu kama karatasi iliyokaa kabatini, na hicho ni umri, hakuna namna ya kukificha. Uchungu ni mdogo kuliko nilivyokadiria. Ile konzi mbili ya mtama niliisikia mwishoni kabisa, ukali mwembamba ambao bia ya yule bwana haikuwa nao. Kama ningeinunua dukani ningeiona ya kawaida. Nilikunywa glasi yote nimesimama jikoni, na nikaweka chupa mbili kwa ajili ya mama.

Yeye alikuwa ameshaondoka na miwani yake mipya. Siku aliyoondoka aliomba ile paketi ya hopsi iliyonuka, ile niliyoitenga. Nilimwambia imeisha uchungu. "Uliniambia inazuia kuchachuka," akajibu. Pombe ya mtama, kwa wasioijua, ina siku zake: leo tamu, kesho nzuri, keshokutwa kali, siku ya nne unaimwaga. Mama ameimwaga maisha yake yote. Akaifunga paketi kwenye pindo la khanga na kupanda basi.

Alipiga simu mwishoni mwa Agosti, sauti ikiwa juu. Alichemsha konzi moja kwenye maji, akachuja, akamimina kwenye pipa moja, la pili akaliacha kama lilivyo. Harufu ile ya soksi ilipungua kwenye moto, ingawa haikwisha yote.

"Leo siku ya nne," akasema. "Lile jingine nimeshalimwaga. Hili bado wanakunywa. Wazee wanasema lina uchungu kidogo, lakini wanakunywa." Akanyamaza, nikasikia watu nyuma yake. "Mwanangu, ile nyingine ya kijani ilibaki?"

Nikafungua friza huku simu ikiwa begani. Gramu 40, ndani ya mfuko nilioukamua hewa yote. Asubuhi yake nikaukabidhi kwa kondakta wa basi la Masasi.